Mgagani wa Vidole Saba

Neema, siku uliponipokea funguo za ghala uliniomba kitu kimoja tu. "Papa Monitere, tuandikie liste ya mboga za kupanda kila mwaka mvua ya mwezi wa tatu ikianza, tuibandike ku ukuta." Nilikubali, nikarudi nyumbani kwangu Mbunya, hapa Bunia, nikafungua daftari jipya, na orodha ikanishinda. Kila mboga niliyoiandika ilinikumbusha mtu, na kila mtu alidai aelezwe. Basi pokeeni hiki badala yake, wewe na wenzako wa pepinyeri, kitalu chetu cha miche. Orodha imo humu ndani, ila itabidi muichambue kama mchele.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara ilikuja nyuma ya vyeo. Nitasema juu ya mbegu, kwa sababu nimezishika miaka thelathini na minne nikiwa monitere, mshauri wa wakulima, na bado sijazizoea. Mpaka leo nikimimina mbegu za lengalenga, mchicha wetu, kwenye kiganja, mia kadhaa ambazo pumzi ya mtu mmoja inaweza kuzipeperusha zote, nabana pua na kuogopa. Ndani ya vumbi lile mna sufuria za familia nzima kwa mwezi mzima. Mtu anayeshika kitu kama hicho kila siku na haogopi, mpeni kazi ya ofisini.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa. Nilikuwa nimetoka shule ya kilimo, suruali imepigwa pasi, diplome kwenye bahasha na rula mfukoni, maana tulifundishwa kwamba tuta lisilonyooka ni dalili ya akili isiyonyooka. Pepinyeri ilikuwa hapohapo ilipo leo, kwenye mteremko juu ya kijito, ila ua wake ulikuwa wa matete. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti kwenye tuta, anapunguza miche ya vitunguu. Hakusimama. Huyo alikuwa Muzee Lobho, mtunza miche, aliyeishia darasa la tatu la shule ya msingi. Walimu wangu wengine wote nimewasahau.

"Jana ulikula nini?" aliniuliza.

"Maharagi na shu."

"Nani alipika?"

"Mama."

"Alitia nini ndani?"

Sikuwahi kuangalia. Maharage ni maharage, kabichi ni kabichi, mtu anakula anashiba.

"Bon. Rudi nyumbani, angalia sufuria ya mama yako. Kesho utaanza kazi."

Mama aliponiona narudi saa tatu asubuhi na bahasha yangu alianza kulia, akijua kazi imekwisha kabla ya kuanza. Nikaketi jikoni kwake siku nzima. Niliona akikata majani ya kitunguu na kuacha shina liendelee kuota. Niliona seleri, vijiti viwili tu, akivitia mwishoni na kuvitoa kabla ya kupakua. Niliona puaro, ndugu yake kitunguu mwenye shina nene, nyanya moja iliyopondwa, pilipili iliyoelea nzima ili isipasuke. Miaka ishirini nilikuwa nimekula vitu vile bila kuviona. Kesho yake nilimtajia Muzee Lobho vyote, naye akanipa arozwari, kopo la kumwagilia, mkononi, akasema, "Sasa unaweza kumwangia mutu mboga yake."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuchagua mboga, na mpaka leo sijaona iliyo bora zaidi. Mtu akija kutafuta mbegu, Muzee Lobho hakumuuliza ana shamba kubwa kiasi gani wala udongo wake ni wa rangi gani. Aliuliza maswali matatu: jana ulipika nini, maji unatosha wapi, yaani unayachota wapi, na kuku ni ya nani. La kwanza linakuambia mboga ambayo haitaozea bustanini kwa kukosa mlaji. La pili linakuambia kama unaweza kumpa seleri, ambayo inakaa wiki mbili hata tatu ardhini kabla ya kuchomoza na haisamehe siku moja ya ukavu. La tatu mtalidharau, kama nilivyolidharau mimi, mpaka siku mtakapokuta tuta lenu limechakurwa lote na kuku wa jirani ambaye pia ni chifu wa mtaa.

Mwaka wangu wa pili nilijaribu kuifanya kazi kwa njia yangu. Nilichora programu kwa rula. Vikundi vyote vya akina mama vilipokea mbegu za kabichi wiki moja, vikasia wiki moja, vikapandikiza wiki moja. Kabichi zilistawi ajabu. Na kwa sababu zilikuwa kabichi zenye nidhamu, zikakomaa zote wiki moja. Soko lilijaa kabichi mpaka barabarani. Ng'ombe wa Bunia walikula kabichi. Akina mama waliniita Monitere Shu, na kuna ambao hawajui jina langu jingine mpaka leo. Muzee Lobho hakunicheka, au alicheka nyuma ya ghala. Aliniambia tu kwamba mvua inakuja kwa wote siku moja, lakini njaa haiji kwa wote siku moja. Tangu hapo namwambia kila mtu: sia nusu leo, nusu baada ya wiki mbili.

Sasa nije kwenye mgagani. Mnaujua: mboga ya kienyeji, harufu kali, uchungu kidogo, jani linafunguka kama kiganja chenye vidole vitano. Nyuma ya ghala Muzee Lobho alikuwa na mstari mmoja wa mgagani wake. Jani lake likikomaa lilikuwa na vidole saba. Lilikuwa pana, laini, na ukilipika kwa maziwa halikuwa na ule uchungu unaomfanya mtoto akunje uso. Alikuwa ameupata kwa mama yake, naye mama yake hakusema aliupata wapi. Sikuwa nimeona mwingine kama ule, na nilikuwa kijana mjinga, nikadhani kitu kilicho mbele ya macho yangu kila siku hakiwezi kuwa cha ajabu.

Mteja akichukua kijiko cha chai cha mbegu za vitunguu, Muzee Lobho alizifunga kwenye kipande cha gazeti. Kisha, bila kuulizwa, alichota mbegu za mgagani kwa ncha za vidole viwili, akatia juu yake. "Hii ni matabishi," alisema. Kila mama wa Bunia anajua matabishi, ile nyongeza ambayo bila hiyo haondoki mezani kwako hata kama umemuuzia kwa bei ya hasara. Lakini matabishi ya nyanya ni nyanya, na ya dagaa ni dagaa. Yeye peke yake alimpa mtu wa vitunguu kitu ambacho hakukiomba. Nililalamika. Nilimwambia tunatawanya mbegu adimu kwa watu wasiojua thamani yake.

"Mbegu yenye iko na mutu moja," alinijibu, "siku ule mutu atakufa, nayo itakufa."

Nilidhani ni maneno ya wazee.

Mwaka wa tano, dada yake Muzee Lobho alifariki kule Kilo, naye akaenda kuzika. Alikaa huko wiki tatu. Wiki hiyohiyo aliyoondoka, ofisi ilileta agizo kwamba mbegu zote zipimwe, na zilizokufa zitupwe ili wakulima wasipewe mbegu zisizoota. Hili agizo lilinifurahisha, maana kupima nilikujua. Unahesabu mbegu mia, unazilaza kwenye kitambaa chenye unyevu, unakiviringisha, unakiweka mahali penye joto. Bunia asubuhi ni baridi, kwa hiyo mimi nilijifunga vitambaa tumboni chini ya shati. Mke wangu alisema ameolewa na pepinyeri.

Lengalenga ziliamka siku ya pili. Kabichi siku ya tatu. Vitunguu siku ya saba, na kila nilipofungua kitambaa na kukuta vile vikia vyeupe nilistaajabu, kwa sababu hakuna aliyeviambia vitoke. Mbegu za mgagani wa Muzee Lobho, zilizokuwa zimejaa kopo la maziwa ya unga karibu mpaka juu, hazikuamka. Wiki moja, wiki mbili, hakuna hata moja. Nilichukua bic nyekundu nikaandika kwenye rejista: imekufa. Kisha, ili kisipotee kitu, nikawamwagia kopo lote kuku wa sentinele, mlinzi wetu. Walikula kwa furaha sana.

Muzee Lobho alirudi siku ya Jumatatu. Hata kabla ya kuketi alikwenda kwenye rafu.

"Kopo yangu iko wapi?"

"Muzee, ile mbegu ilikufa. Niliipima."

"Ulipima lini?"

"Palepale ulipoondoka."

Alipitisha kidole kwenye rafu, mahali kopo lilipokuwa. Nilitamani anipige.

"Nilivuna ile wiki nilienda," alisema. "Ile mbegu ikitoka ku muti wake inalalaka. Miezi ine, miezi tano. Weye uliamusha mutu saa ya usingizi, akakataa kuamuka, ukamuzika."

Shuleni hawakunifundisha kwamba mbegu hulala. Ile niliyoiona imekufa ilikuwa hai kuliko mimi, imejifunga ndani, inangoja mvua yake, haidanganywi na maji ya kitambaa cha monitere. Nilipiga magoti kwenye banda la kuku nikachekecha kinyesi kwa siku mbili. Nilipata mbegu kumi na moja. Mashina tulikuwa tumeshayang'oa na kuyachoma. Mvua ilipoanza nilizipanda zile kumi na moja peke yake, nikaziwekea ua wa vijiti.

Kila asubuhi Muzee Lobho alipita hapo na kuniuliza, "Imeamuka?"

"Bado, Muzee."

Hazikuamka. Baada ya miezi miwili aliacha kupita pale, lakini hakuacha kuuliza. Wala hakunisema kwa mtu. Rejista ile yenye wino mwekundu ningemwonyesha nani?

Kisha vita vilikuja. Ninyi mlikuwa wadogo, waulizeni wazazi wenu. Pepinyeri ilifungwa, ua ukawa kuni, mbegu zililiwa na waliokuwa na njaa, na sikuwalaumu. Tuliporudi kazini tulianza na arozwari moja iliyotoboka na kopo lililotobolewa makusudi kwa msumari, na kopo lilifanya kazi vizuri zaidi. Muzee Lobho hakurudi, miguu ilikuwa imemkataa. Nilikuwa nampelekea maziwa Jumapili. Kabla ya salamu aliuliza, "Imeamuka?" Nilikuwa nimeshamweleza zamani kwamba hakuna kilichobaki ardhini, na alijua. Aliuliza hata hivyo, nami nikajibu, "Bado, Muzee." Sikuweza kusema "haitaamka" kwa mtu yule. Jumapili ya mwisho alinishika mkono, akaniambia nisiache kutia matabishi. Alifariki wiki hiyo. Nililia kama mtoto, na sababu mnaielewa sasa.

Tangu hapo nimetia matabishi katika kila kifurushi kilichotoka ghalani: giligilani, seleri, chochote. Mlidhani ni tabia ya uzee. Na kila nilipotumwa kazini nje ya mji nilipita sokoni kuhesabu vidole vya mgagani. Nimehesabu Kilo, nimehesabu Bule, nimehesabu kila soko la Bunia. Mama mmoja wa Bule aliniuliza, "Papa, majani yetu uko nahesabia ya nini? Ni taksi ingine?" Alidhani natoza kodi. Vitano. Kila mahali vitano. Baada ya miaka niliacha kumwambia mke wangu nilichokuwa nakitafuta.

Hapo sasa tumefika mwezi wa pili wa mwaka huu, na wewe Neema ulikuwepo, unaandika majina kwenye vifurushi. Aliingia Mama Dhesi. Alikuwa amekimbia kutoka Bule na watoto, anaishi Mbunya kwenye kiwanja cha shemeji yake, na shemeji amempa ardhi kati ya jiko na ua, ukubwa wa mikeka mitatu. Alitaka vitunguu.

"Jana ulipika nini, Mama?" nilimuuliza.

"Lengalenga ya kuuza. Na juzi lengalenga ya kuuza. Tuko batu tisa ku sufuria moja, Papa, unataka nipike nini?" Yaani alikuwa anainunua sokoni kila siku.

"Maji unatosha wapi?"

"Ku bomba ya mutaa. Mara mbili kwa siku, na kichwa yangu."

"Na kuku?"

"Ya shemeji. Na siwezi kuisemea mubaya, ndiye alitupokea."

Ulicheka, Neema. Mimi sikucheka, nilikuwa nachora mikeka mitatu kwenye mchanga. Mkeka wa kwanza nilimpa lengalenga yake mwenyewe, nusu leo na nusu baada ya wiki mbili, mbegu zichanganywe na mchanga mkavu zisianguke rundo. Baada ya wiki tatu au nne angeacha kuinunua. Mkeka wa pili vitunguu, kwa kuwa ndivyo vilivyomleta, lakini tuta liinuliwe maana kitunguu hakipendi kusimama majini, na avianzishe kwenye kitalu kidogo wiki sita. Pembeni mwa jiko, pale maji ya kuosha mboga yanapomwagwa, puaro na seleri. Kwenye ua, ngaingai, ile mboga ya majani machachu. Ukingoni, sitronele, yaani mchaichai, inashika udongo na inatoa chai. Nyanya nilimkataza, mvua za mwezi wa nne zingeziozesha majani yote. Angoje mvua ipungue.

"Na mukeka ya tatu," nilisema, "tutie maharagi."

"Hapana. Ile iko na mwenyewe."

Alifungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake. Ndani mlikuwa na mbegu, kama kijiko kimoja. Nyeusi, ndogo, zenye mikunjo, kila moja imejikunja kama konokono mdogo. Mgagani. Hakuna mtu anayeweza kuona vidole vya jani kwenye mbegu, mgagani wote una mbegu za namna hiyo, kwa hiyo sijui kwa nini niliuliza haraka hivyo.

"Ulitosha wapi hii?"

"Ya mama yangu. Alikuyaka hapa Bunia kutafuta mbegu ya vitunguu, miye nikiwa ku mugongo. Alituambiaka muzee moja alimutilia hii juu, matabishi." Akafunga tena fundo. "Vitunguu viliisha zamani. Hii haikuisha. Kila kwenye tulikimbia, mama aliibeba. Sasa mama alishakufa, ninaibeba miye."

Nilimuuliza jani lake lina vidole vingapi.

"Sijahesabiaka, Papa. Ni mboga."

"Mbona sijaiona ku soko ya Bule?"

"Siye hatuiuzishake. Ni ya nyuma ya jiko. Mutu anauzisha vitunguu, ile ya nyuma ya jiko ni ya batoto."

Miaka yote ile nilitafuta sokoni kitu ambacho watu walikuwa wanawapikia watoto wao. Mimi niliyefundishwa kazi kwa kurudishwa jikoni kwa mama yangu! Muzee Lobho angenirudisha tena.

Nilimfungia Mama Dhesi vitunguu, lengalenga, puaro na ngaingai, nikatia seleri juu yake, matabishi. Alitazama zile seleri, akafungua tena fundo lake, akachota kwa ncha za vidole viwili, akaniwekea kiganjani. "Na miye nakutilia," alisema, akatoka. Nilihesabu: mbegu ishirini na tisa. Alikuwa amezivuna mwezi wa kumi na mbili. Nilizitia kwenye kichupa chenye majivu, nikakiweka rafu ya juu, nikaondoka siku kumi na mbili kufuata karatasi za pansheni, ambazo nazo hulala usingizi mzito.

Niliporudi ulikuwa unanisubiri mlangoni na kitambaa chenye unyevu mkononi.

"Papa, nilipima kumi ya kile kichupa. Siku kumi, hakuna hata moja. Zilikufa. Nitupe zenye zilibakia?"

Neema, umeshaniuliza mara mbili kwa nini siku ile niliketi chini kwenye saruji. Ni kwa sababu nilimwona kijana mwenye rula mfukoni. Hukukosea chochote. Ulifuata tangazo lililo ukutani, "Kila mbegu ipimwe, iliyokufa itupwe," na mwandiko wa tangazo lile ni wangu. Tofauti yako na mimi ni kwamba wewe ulingoja kuuliza. Nilibandua tangazo. Nilikuambia mbegu hiyo imelala, na ukanitazama kama mtu anayemtazama mzee aliyekataa kukubali msiba. Sikukulaumu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Huenda zilikuwa zimekufa kweli. Huenda zilikuwa hai na zingetoa vidole vitano. Zilibaki kumi na tisa.

Mwisho wa mwezi wa tatu nilikukabidhi funguo. Katikati ya mwezi wa nne, usingizi wao ukiwa umetimia, tulizisia pamoja kwenye kona uliyoniachia badala ya kuipanda kabichi zako. Juujuu, udongo mwembamba, kisha majani ya mgomba juu, maana mbegu hii inapenda giza inapoamka. Asubuhi ya kwanza nilikuja kuchukua kofia niliyoisahau. Ya pili, kikombe. Ya tatu, miwani. Asubuhi ya nne nilikosa kitu cha kusahau, nikaja hivyohivyo.

"Imeamuka?" nilikuuliza.

"Bado, Papa."

Ya tano, "Bado, Papa." Wewe hukujua ulikuwa unasema maneno ya nani. Mimi nilikuwa nayasikia, na nilikuwa nageuka kutazama kijito.

Asubuhi ya sita nilikukuta umesimama barabarani, nje kabisa ya geti, kanga ina udongo magotini, na sikuwa na haja ya kuuliza. Tuliinua majani ya mgomba. Kumi na tatu. Vijani viwiliviwili, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa mtoto, vimebeba punje za udongo kichwani kana kwamba vilikuwa vimeusukuma ulimwengu wote na ukakubali. Uliruka. Mimi nilikuambia usifurahi upesi, mgagani uko kila mahali. Nilisema kwa ukali kwa sababu nilitaka kulia.

Jani la kwanza halisi lilifunguka na vidole vitatu, kama mgagani wote. La pili vitatu. La tatu vitano. La nne vitano, la tano vitano. Wiki tatu nilihesabu vitano. Mama Dhesi alipita kuchukua miche ya puaro, akatukuta tumeinama, akasema, "Bado munahesabiaka? Yangu tulishaanza kukula," akaenda zake. Kweli hakuwa na muda wa upuuzi wetu, sufuria ya watu tisa ilikuwa inamngoja.

Siku ile ya mwisho, ambayo ndiyo uliyoniuliza juu yake, nilikuwa nimesahau miwani kweli. Jani jipya lilikuwa limefunguka kwenye mche wa katikati, nami niliona kijani tu. Nikakuomba uhesabu. Ulipiga magoti, ukaweka jani juu ya ncha ya kidole chako bila kulivuta, ukahesabu kwa sauti, polepole, moja, mbili, tatu, ine, tano. Ukanyamaza. Nikasema moyoni basi, ni hivyo. Kumbe ulikuwa unasogeza vidole vilivyofichana.

"Sita," ulisema. "Saba. Papa, iko saba."

Nilivua kofia. Nikasema, "Imeamuka, Muzee."

Uliniuliza naongea na nani. Nilikuambia ulete maji, ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ileile. Uliyaleta, hukuuliza tena.